Protini Mbili, Badiliko Moja: Kutatua Matatizo Unaposaka Mageuko ya Kukutana

Umepanga mifuatano ya protini sambamba, ukaona spishi mbili za koo za mbali zina asidi amino ileile katika nafasi moja, ilhali jamaa wa karibu wa kila moja wana nyingine. Zaidi ya hapo, spishi hizo mbili zina sifa moja isiyo ya kawaida: zote zinapiga mbizi, au zote zinakula majani yenye sumu, au zote zinasikia sauti za juu mno. Ni rahisi kuandika papo hapo kwamba uteuzi wa asili umezipeleka mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, yaani kwamba haya ni mageuko ya kukutana. Huenda ni kweli. Lakini mfanano wa namna hiyo huzalishwa pia na bahati, na data chafu, na mti wa nasaba uliokosewa, na kwa jumla vyanzo hivyo vitatu huzalisha mifanano mingi kuliko uteuzi.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, yaani unachokiona kwenye matokeo yako, kisha sababu zinazoweza kukileta na namna ya kuzitenganisha. Naomba ufuate mpangilio: data kwanza, kisha mti, kisha hesabu ya bahati, na kazi ya protini mwisho. Anayeanza na kazi ya protini hujikuta anasimulia hadithi nzuri juu ya nafasi ambayo haikuwahi kubadilika.

Nitatumia maneno mawili. Badiliko sambamba ni pale koo mbili zilipoanza na asidi amino moja zikaishia kwenye nyingine moja. Badiliko la kukutana ni pale zilipoanza na asidi tofauti zikaishia pamoja. Tofauti hiyo ina uzito wake: mabadiliko sambamba hutokea kwa bahati mara nyingi zaidi, kwa sababu mahali pa kuanzia ni pamoja na njia fupi ni zilezile.

Mifanano imerundikana mahali pamoja kwenye mpangilio

Hii ndiyo dalili nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Ukikuta asidi amino tano au sita zinazofuatana "zimekutana" katika spishi zako mbili, tena kando ya pengo au kwenye ncha ya protini, usifikirie mageuko. Fungua mpangilio uutazame kwa macho yako.

Mara nyingi programu ya kutabiri jeni imechukua kipande cha introni (sehemu ya jeni isiyotafsiriwa kuwa protini) kuwa eksoni (sehemu inayotafsiriwa), au imechagua toleo tofauti la jeni katika spishi mbili zilizotabiriwa kwa njia moja. Nyakati nyingine programu ya kupanga mifuatano, iwe MAFFT au nyingine, imelazimisha mifuatano isiyo na uhusiano isimame safu moja. Rudia kwa PRANK, ambayo hushughulikia mapengo kwa kufuata mti, ubakize nafasi zinazojitokeza katika mipangilio yote miwili. Maeneo yenye marudiorudio ya asidi chache yaondoe kabisa kwenye hesabu ya nafasi kwa nafasi. Protini za kuzuia damu isigeuke barafu za samaki wa Antaktika na za chewa wa Aktiki zimejengwa kwa marudio ya threonini, alanini na alanini, na zilizuka kivyake kwa kila upande. Hilo lilionyeshwa mwaka 1997. Lakini ushahidi wake ulitokana na asili ya jeni zenyewe, kwani ile ya samaki wa Antaktika ilitokana na jeni ya tripsinojeni na ile ya chewa haikutokana nayo. Kupanga marudio hayo safu kwa safu kusingeonyesha lolote la maana.

Mti wa jeni umeziunganisha spishi zisizo ndugu

Mfano unaojulikana zaidi ni prestini, protini ya seli za nywele za nje katika sikio la ndani la mamalia. Protini hii hurefuka na kufupika kwa haraka ya ajabu, na hivyo humpa mnyama uwezo wa kusikia sauti za masafa ya juu. Mwaka 2010 tafiti mbili zilionyesha kwamba ukichora mti kwa mfuatano wa prestini peke yake, pomboo na popo wanaojiongoza kwa mwangwi wanakaa tawi moja, mbali na ng'ombe na farasi. Mti wa spishi hausemi hivyo hata kidogo: pomboo ni jamaa wa ng'ombe na kiboko.

Unapopata mti wa aina hii, mageuko ya kukutana yawe maelezo ya mwisho. Kabla yake kuna watuhumiwa wanne.

Wa kwanza ni uchafuzi. Sampuli mbili zilizopita maabara moja zinaweza kuchanganyikana. Hapa dalili ni kwamba mfanano unaonekana hata kwenye mabadiliko ya kimya, yale yanayobadilisha kodoni (herufi tatu za DNA zinazotaja asidi amino moja) bila kubadilisha asidi amino yenyewe. Chora mti kwa nafasi ya tatu ya kodoni peke yake. Ikiwa nayo inaziunganisha spishi zako, protini haina hatia; tafuta chanzo katika DNA yenyewe. Prestini ilivuka mtihani huu: mti wa mabadiliko ya kimya ulirudisha kila mnyama kwa jamaa zake.

Wa pili ni nakala za jeni. Jeni ikijirudufu zamani, kisha ukoo mmoja ukabaki na nakala A na mwingine na nakala B, unalinganisha binamu ukidhani ni mtu na nduguye. BLAST (programu ya kutafuta mifuatano inayofanana) ya pande mbili haitoshi kama nakala sahihi imepotea kwenye jenomu. Chora mti wa familia nzima ya jeni, si wa mfuatano mmojammoja kwa kila spishi, na utazame majirani wa jeni kwenye kromosomu. Lisozimu, kimeng'enya kinachokata ukuta wa bakteria, inafundisha vizuri hapa. Ng'ombe na nyani langur, wote wenye tumbo la kuchachusha majani, wana lisozimu za tumboni zilizofanana katika nafasi kadhaa. Hilo lilichapishwa mwaka 1987. Mwaka 1994 ikaongezwa hoatzin, ndege mla majani wa Amerika Kusini. Ila lisozimu ya hoatzin inatoka kundi jingine kabisa la nakala, lile linaloshika kalsiamu. Jambo hilo liliupa nguvu ushahidi badala ya kuuharibu, kwa sababu lilichunguzwa na kusemwa wazi.

Wa tatu ni mvuto wa matawi marefu, tatizo ambalo Joseph Felsenstein alilieleza kwa hesabu mwaka 1978. Koo mbili zinazobadilika upesi hukusanya mabadiliko mengi hivi kwamba mifanano ya bahati inazidi mifanano ya kurithi, nazo huvutana kwenye mti. Ongeza spishi zitakazokata matawi hayo marefu vipandevipande. Tumia modeli inayoruhusu kila nafasi iwe na upendeleo wake wa asidi amino, kama zile za C60 katika IQ-TREE au CAT katika PhyloBayes. Ikiwa muungano unavunjika mara tu modeli inapokuwa bora, ulikuwa wa modeli.

Wa nne ni uwiano wa asidi amino. Bakteria wawili wa maji moto, au vimelea viwili vyenye jenomu iliyojaa A na T, watafanana kote, katika kila protini. Huo si ugunduzi kuhusu protini yako.

Ukishawaondoa hao wanne, pima miti miwili kwa kipimo cha AU (approximately unbiased), kinachoonyesha kama data inaukataa mti fulani: mti wa spishi dhidi ya mti wa jeni. Kisha angalia ni nafasi zipi hasa zinazovuta kuelekea mti wa jeni. Kama ni nafasi chache zilizo sehemu ya protini yenye kazi, endelea. Kama mvuto mdogomdogo umesambaa kotekote, rudi kwa mtuhumiwa wa tatu na wa nne. Haimaanishi kwamba kukutana kwa nafasi nyingi hakupo. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba protini za mitokondria za nyoka na za mijusi wa jamii ya agama zimefanana kiasi cha kuupotosha mti wote wa mitokondria, ilhali jeni za kiini cha seli na mabadiliko ya kimya ya mitokondria hiyohiyo yalisema vingine. Bila ulinganisho huo na mabadiliko ya kimya, dai hilo lisingesimama.

Spishi ni za karibu na zimetengana kwa haraka

Hapa kuna mtego wa peke yake. Spishi tatu zikigawanyika ndani ya muda mfupi, aina mbili za jeni zilizokuwapo kwa mhenga zinaweza kugawiwa ovyo: spishi ya kwanza na ya tatu zikabaki na aina moja, ya pili na nyingine. Badiliko lilitokea mara moja tu, lakini ukiliweka juu ya mti wa spishi litaonekana limetokea mara mbili. Kwa sokwe mtu, gorila na binadamu si jambo la nadra: takribani asilimia 30 ya jenomu ya gorila iko karibu zaidi na binadamu au na sokwe mtu kuliko wawili hao walivyo karibu wao kwa wao. Kuzaliana kati ya spishi jirani huleta dalili ileile.

Dawa ni kupima kila nafasi juu ya mti wa jeni yenyewe, tena ikiwezekana mti wa kipande kidogo cha DNA kinachoizunguka nafasi hiyo, si mti wa spishi. Ikiwa badiliko linakuwa moja juu ya mti huo, hakuna cha kukutana. Mtego huu hulegea kadiri matawi ya ndani yanavyokuwa marefu, hivyo kwa popo na pomboo si wa kuhangaikia sana.

Mifanano ni mingi mno

Hapa nitakaa kwa muda, maana hapa ndipo kazi nyingi nzuri zimeanguka.

Mwaka 2013 utafiti mmoja ulipekua jeni 2,326 katika mamalia 22, ukasema kuna dalili za kukutana katika karibu maeneo 200 ya jenomu kwa wanyama wanaojiongoza kwa mwangwi, zikiwamo jeni za kusikia na hata za kuona. Habari ilienea. Miaka miwili baadaye vikundi viwili tofauti vikauliza swali ambalo nadhani kila mtafiti wa jambo hili angepaswa kuliweka mbele ya kompyuta yake: je, popo na ng'ombe wamefanana kiasi gani? Ng'ombe hajiongozi kwa mwangwi, wala hana lolote la pamoja na popo linalohusu usikivu. Lakini yuko kwenye mti takribani mahali palepale alipo pomboo. Walipohesabu, mifanano ya popo na pomboo haikuzidi ile ya popo na ng'ombe. Kwa jenomu nzima, dai likaporomoka. Prestini haikuporomoka pamoja nalo; ilibaki na ushahidi wake, ukiwamo wa vipimo vilivyofanywa kwenye seli.

Mwaka huohuo wa 2015, watafiti wa mamalia wa baharini walilinganisha nyangumi, walrasi na manatee (jamaa wa nguva) wakapata mabadiliko mengi ya pamoja. Walifanya jambo la busara: walihesabu pia kwa jamaa zao wa nchi kavu, ng'ombe, mbwa na tembo. Wanyama hao watatu, wasio na sifa yoyote ya baharini, walikuwa na mifanano mingi zaidi.

Kwa nini bahati ina mkono mzito hivyo? Wengi hudhani kwamba kwa kuwa kuna asidi amino 20, nafasi mbili kuangukia asidi moja ni jambo la mara moja katika 19. Hesabu hiyo haina msingi. Chukua isoleusini yenye kodoni ATT. Kwa kubadili herufi moja tu unaweza kufika kwenye valini, leusini, fenilalanini, methionini, threonini, asparajini au serini, basi. Kama nafasi hiyo imejificha katikati ya protini, mahali pasipopenda maji, zinazovumilika ni valini, leusini na methionini, na kati ya hizo valini ndiyo inayopendwa zaidi. Koo mbili zisizojuana zikibadilika hapo, zitakutana kwenye valini mara nyingi bila kusukumwa na chochote. Zidisha hayo kwa maelfu ya jeni. Ndiyo maana orodha iliyojaa isoleusini kwenda valini, serini kwenda alanini, aspateti kwenda glutameti, huwa inanitia shaka zaidi kadiri inavyorefuka.

Njia ya kutengeneza ni hii. Chukua kila jozi ya matawi kwenye mti, si jozi yako tu. Kwa kila jozi hesabu nafasi ambazo matawi yote mawili yalibadilika yakaishia pamoja, na nafasi ambazo yalibadilika yakaishia tofauti. Chora nukta, mhimili mmoja kwa kila hesabu. Nukta nyingi zitasimama karibu na mstari, kwa kuwa matawi marefu yana zaidi ya vyote viwili. Jozi yako ikikaa juu ya mstari, mbali na wenzake, una jambo. Ikikaa ndani ya wingu la nukta, huna, hata kama idadi yenyewe inatisha. Angalia pia umbali: mifanano ya bahati hupungua kadiri koo zinavyotengana, kwa sababu protini zinavyobadilika kwingine, kinachovumilika katika nafasi moja nacho hubadilika. Kwa hiyo jozi ya kulinganishia iwe na umbali unaokaribia wa jozi yako. Kulinganisha popo na pomboo kwa kutumia jozi ya sokwe mtu na binadamu, halafu ya mamalia na samaki, ni kujidanganya kwa pande mbili.

Programu ya CSUBST, iliyoelezwa mwaka 2023, imeingiza ulinganisho huu ndani ya hesabu yenyewe: hupima kukutana kwa mabadiliko ya asidi amino dhidi ya kukutana kwa mabadiliko ya kimya. Uzuri wake ni kwamba hitilafu ya mti hupandisha pande zote mbili kwa pamoja, hivyo haionekani kama uteuzi. Kama ningelazimika kuchagua chombo kimoja cha kuanzia kwa jeni nyingi, ningechagua hiki.

Mifanano yote ni ya aina moja

Tenga orodha yako kwa aina za mabadiliko. Kama imetawaliwa na arjinini inayogeuka sisteini, histidini, glutamini au triptofani, umekutana na kemia ya DNA. Kodoni nne za arjinini huanza na CG. Katika mamalia, C inayofuatwa na G huwa na kikundi cha methili, na hugeuka T kwa kasi ya takribani mara 10 kuliko kawaida. CGT ikipoteza C yake inakuwa TGT, yaani sisteini. Badiliko likitokea kwenye uzi wa pili, inakuwa CAT, histidini. Mabadiliko hayo yatajirudia katika koo nyingi bila kuhitaji sababu ya kimaisha.

Kama badala yake orodha imejaa mabadiliko ya A au T kwenda G au C, shuku upendeleo unaotokea DNA inaporekebishwa wakati wa kubadilishana vipande vya kromosomu. Upendeleo huo husukuma G na C zisambae kana kwamba zina faida, na kwa vipimo vya kawaida vya uteuzi hufanana na uteuzi chanya. Tazama eneo zima: introni na mabadiliko ya kimya yaliyo jirani yakielekea upande huohuo, jibu umelipata.

Matokeo yanabadilika kila unapobadili modeli au mhenga

Kila dai la kukutana linasimama juu ya jambo ambalo hukuliona: asidi amino iliyokuwapo kwa mhenga. Ukikadiria kwamba mhenga alikuwa na threonini kwa uwezekano wa 0.55 na serini kwa 0.40, kisha ukachukua threonini ukaendelea kana kwamba ni hakika, umetupa karibu nusu ya maarifa. Usichague jibu moja. Jumlisha juu ya hali zote za mhenga, kila moja kwa uzito wake, au chota sampuli nyingi za historia nzima ya nafasi hiyo uone ni ngapi zina mabadiliko mawili huru. Ongeza spishi karibu na mafundo (mahali matawi ya mti yanapogawanyika) yenye mashaka, hasa jamaa wa karibu asiye na sifa unayoichunguza. Spishi moja ya namna hiyo husaidia kuliko modeli tatu mpya.

Modeli zinazotumia jedwali moja la mabadiliko kwa protini nzima, kama JTT au LG zikiwa peke yake, hukadiria chini mifanano ya bahati, kwa sababu zinadhani kila nafasi iko huru kutembelea asidi zote 20. Ukihesabu bahati kwa modeli hiyo, kila kitu kitaonekana cha ajabu. Kwa majaribio ya kuiga kwenye kompyuta, iga kwa modeli yenye upendeleo wa kila nafasi, na uigize juu ya mti wako wenyewe na urefu wake wa matawi.

Sifa imekutana, lakini hakuna nafasi hata moja inayofanana

Dalili hii humkatisha mtu tamaa bila sababu. Huenda kukutana kupo, ila katika ngazi nyingine.

Mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni kwenye misuli, imeongezewa chaji chanya kwenye uso wake katika mamalia wapiga mbizi wa koo mbalimbali. Chaji hiyo huzifanya molekuli zisukumane na hivyo zisigandamane hata zinapojazana kwa wingi. Utafiti wa mwaka 2013 ulilionyesha hilo kwa nyangumi, sili na wengineo, na nafasi zilizobadilika hazikuwa zilezile. Ukitafuta asidi amino ileile mahali palepale hutaona kitu. Ukijumlisha chaji ya uso mzima, mpangilio unajitokeza wenyewe. Vivyo hivyo kwa hemoglobini za ndege wa milimani: utafiti wa mwaka 2016 ulikuta kwamba ndege wengi wa juu wana hemoglobini inayoshika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko jamaa zao wa nyanda za chini, lakini kwa mabadiliko yanayotofautiana toka ukoo hadi ukoo.

Kwa hiyo badili swali. Pima sifa ya kikemia badala ya utambulisho: chaji, ukubwa, upendeleo wa maji. Programu ya PCOC hutafuta nafasi ambazo upendeleo wake wa asidi amino ulihama sifa ilipozuka, hata kama asidi yenyewe si moja. RERconverge huuliza kama jeni ileile iliharakisha au ilipunguza mwendo katika koo zote zenye sifa. Jihadhari tu: jeni inayoharakisha katika koo kadhaa mara nyingi imepoteza kazi, haijapata mpya. Kabla ya kusifu kasi, tafuta kodoni za kukomesha zilizojitokeza kabla ya wakati.

Umbo linafanana, mfuatano hauendani kabisa

Kimotripsini ya wanyama na subtilisini ya bakteria hukata protini kwa utatu uleule: serini, histidini na aspateti, zikiwa zimepangwa kwa pembe zinazokaribiana sana. Swali ni kama huu ni mfanano wa kurithi uliochakaa au ni mfanano uliozuka mara mbili. Majibu mawili yako wazi. Mkunjo wa protini hizi ni tofauti kabisa. Na mpangilio wa utatu kwenye mnyororo ni tofauti pia: kwa kimotripsini ni histidini 57, aspateti 102, serini 195, kwa subtilisini ni aspateti 32, histidini 64, serini 221. Hakuna mabadiliko madogomadogo yanayoweza kuigeuza moja kuwa nyingine bila kuipitisha protini isiyofanya kazi.

Kanuni ya kutumia ni hiyo: mkunjo mmoja na mfuatano uliochakaa humaanisha undugu wa zamani hadi ithibitishwe vingine, hata kama kufanana kwa mfuatano kumeshuka chini ya asilimia 20. Mikunjo tofauti yenye kituo kimoja cha kazi ndiyo alama ya kukutana. Ulinganishaji wa maumbo kwa Foldseek au DALI uwe wa protini nzima kwanza, wa kituo cha kazi baadaye. Ukianza na kituo cha kazi utaona mfanano kila mahali.

Nafasi imevuka kila mtihani, lakini maabara haioni badiliko lolote

Umeweka badiliko hilo kwenye protini ya panya au ya binadamu, ukapima, hakuna kilichotokea. Au protini imeharibika. Usilitupe bado. Badiliko lilitokea ndani ya protini ya mhenga, si ndani ya ile uliyonayo kwenye friji ya maabara.

Pampu ya sodiamu na potasiamu katika wadudu wanaokula mimea yenye sumu za moyo inalieleza hili kuliko mfano mwingine ninaoujua. Vipepeo, mende, kunguni wa mimea na wengineo wamebadilisha pampu hiyo kivyaovyao, na mabadiliko yanarudi tena na tena kwenye nafasi za 111, 119 na 122. Mwaka 2019 watafiti walihariri jeni ya nzi wa matunda wakafuata njia ya kipepeo monaki hatua kwa hatua. Badiliko la nafasi ya 122 kutoka asparajini kwenda histidini lilileta ukinzani, lakini likiwa peke yake liliwadhuru nzi: wakitikiswa walipooza kwa muda. Badiliko la nafasi ya 119, alanini kwenda serini, ambalo peke yake lina ukinzani mdogo, lilipunguza madhara hayo. Aliyeijaribu 122 peke yake angeandika kwamba badiliko hilo ni hasara tupu, na vipimo vyake vingekuwa sahihi.

Kwa hiyo jenga protini ya mhenga wa kila ukoo, uingize badiliko humo, kisha uliingize pamoja na yale yaliyotangulia kwa mpangilio ambao mti unauonyesha. Fanya pia kinyume chake: chukua protini ya sasa yenye sifa, urudishe asidi ya zamani, uone kama sifa inapungua. Fanya hivyo kwa koo zote mbili, maana badiliko linaloleta faida upande mmoja linaweza kuwa la bure upande wa pili, na hapo una kuzoea mazingira katika ukoo mmoja na bahati katika mwingine. Na upime kitu kinachohusika na maisha ya mnyama: kwa lisozimu ya tumboni ni kufanya kazi kwenye asidi kali na kutovunjwa na pepsini; kasi ya kukata ukuta wa bakteria kwenye maji yasiyo na asidi haitakuambia chochote kuhusu tumbo la ng'ombe.